UZI MAALUMU: Shokapu za mbele za motocross, KYB, Showa, WP au Öhlins? Na jinsi ya kuziseti kwa joto na mchanga wa Dar

#1 Mleta uzi

Habarini wakuu. Kwenye magrupu ya pikipiki kila wiki kuna mtu anauliza shokapu gani ya mbele ni kali zaidi, na wengine wameshaanza kudunduliza hela waagize seti nzima kutoka nje wakati piki yenyewe bado ina springi za kiwandani ambazo hazijui hata uzito wa mwenye piki. Nimeona nifungue uzi tujadiliane kwa kina maana hizi ni hela nyingi jamani, seti kamili ya hizi shokapu za mashindano inakula maelfu ya dola kabla hujagusa habari ya usafiri na ushuru, wakati jozi ya springi mpya ni dola mia moja na kitu tu.

Msimamo wangu nausema mapema ili mtu akitaka kubisha abishe: kwa sisi wengi wa hapa Dar, springi inayoendana na uzito wako, oili sahihi na mtu anayejua kuziseti vinakupa zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye bomba. Na kwa joto letu hili mimi nasimama upande wa shokapu za springi, sio za upepo. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Motocross, yaani piki ya mashindano ya udongoni, ya kawaida ya mtu mzima shokapu ya mbele inasafiri (inabonyea) kama milimita 300 hivi, na kazi zake ni mbili tofauti ambazo watu wanazichanganya. Kuna kitu kinachobeba uzito, hicho ni springi au upepo. Halafu kuna kitu kinachozuia mwendo usiwe wa fujo, hiyo ni oili inayolazimishwa kupita kwenye vivali vyenye shimu, vile visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ikiwa kinachobeba uzito hakiko sawa, hata ukazungushe klika, vile viskrubu vya kuseti shokapu, mpaka bisibisi iishe hautapona, unaficha ugonjwa tu.

Sasa kwenye makampuni. KYB, Wajapani, wana ile SSS ya milimita 48 ambayo Yamaha wameiweka kwenye piki zao za motocross za YZ tangu 2006 na mpaka leo bado inasifiwa, mimi binafsi sijaona shokapu ya kutoka kiwandani inayosamehe kama hiyo. Showa wana ya milimita 49 ya springi, ndo iliyo kwenye Honda CRF450R na Kawasaki KX450 za miaka ya karibuni. WP walianzia Uholanzi, sasa wako Austria chini ya familia ya KTM, ndo wenye shokapu ya upepo ya XACT inayokuja na KTM, Husqvarna na GasGas za motocross, na ukitaka kupanda ngazi wanakuuzia XACT PRO ya springi, ile ambayo wakongwe bado wanaiita Cone Valve. Öhlins ni wa Sweden, alianzisha Kenth Öhlin mwaka 1976 na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa motocross, na ubingwa wao wa kwanza wa dunia ulikuwa 1978 kwenye motocross ya cc 250, Gennady Moiseev akiwa juu ya KTM. Kwa mbele wana RXF48.

Mtaniuliza sasa hizi za bei mbaya zina nini cha ziada. Ziko vizuri kweli, sibishi. Mabomba yamewekwa matabaka magumu yanayopunguza msuguano, ndani kuna ile Kashima ya rangi ya dhahabu na nje ile nyeusi ya DLC, vipande vya ndani vimechongwa kwa usahihi zaidi, kwa hiyo shokapu inaanza kusogea hata kwa kituta kidogo sana na ukitua vibaya haikutupi. Lakini hiyo tofauti anaihisi mtu anayeendesha kwa kasi ileile mzunguko baada ya mzunguko. Mtu wa wikiendi ambaye springi yake ni ya mtu mwepesi kuliko yeye kwa kilo kumi na tano hawezi kuihisi maana shokapu yake muda wote iko chini.

Na hapo ndo kuna kitu nataka mtu akitoka na kimoja kwenye uzi huu atoke na hiki. Piki inakupiga mikono, viganja vinakufa ganzi, wewe unasema shokapu ngumu, unalegeza klika za kompresheni, zile zinazozuia shokapu isibonyee haraka. Inazidi. Unalegeza tena. Kumbe tatizo ni kwamba ni LAINI MNO. Springi haikubebi, kwa hiyo ukishaingia kwenye kona au ukishika breki shokapu imeshazama nusu ya safari yake, na huko chini hewa iliyobaki ndani imebanwa na kila kitu kinakuwa kigumu, kwa hiyo kila kituta unakipiga kwenye sehemu ngumu. Ukiweka springi ya juu hatua moja shokapu inakaa juu, inapata nafasi ya kufanya kazi, na mikono inapumzika. Watu wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Piki nyingi kutoka kiwandani zimepangwa kwa mtu wa kilo kama 70 hadi 80, na usisahau buti, helmeti na makinga yote yanaongeza kilo nane mpaka kumi. Springi zenyewe ugumu wake uko kati ya 4.2 na 5.2 N/mm hivi (nguvu ya kuibana milimita moja) kwa piki nyingi, za cc 250 chini kidogo na za 450 kama 5.0. Tofauti ya 0.2 kwenye karatasi inaonekana ndogo ila juu ya piki unaijua mzunguko wa kwanza.

Karibuni, kila mtu aweke piki yake, mwaka, uzito wake na anapoendeshea.

#2 Mdau wa Tabata

Aisee mkuu hapo kwenye mikono kufa ganzi umenigusa kabisa. Mimi nina CRF450R, mwili wangu kilo 98 bila vifaa, kwenye jampu nikitua inagonga mwisho kwa sauti kabisa, fundi wangu ameniambia tuongeze oili tu itatulia. Yuko sahihi au?

#3 Mleta uzi

Yuko sahihi nusu kiongozi. Ukiongeza oili kwenye chumba cha nje unapunguza nafasi ya hewa, hiyo hewa inabanwa mapema zaidi na shokapu inakuwa ngumu kwenye theluthi ya mwisho ya safari. Kwa hiyo kweli itaacha kugonga. Lakini kwa kilo 98 wewe tatizo lako linaanza juu sio chini, utakuwa na shokapu inayozama kirahisi halafu ghafla inagota ukutani. Panda springi hatua moja au mbili kwanza, urudi kwenye kiwango cha oili cha kitabu, ndipo ucheze na oili kwa cc 5 mpaka 10 kila bomba, sio zaidi kwa mara moja.

Halafu kabla hujagusa mbele hebu pima nyuma. Sagi ya nyuma, yaani piki inashuka kiasi gani ukiwa umekaa na vifaa vyote, iwe milimita 100 mpaka 105. Kama nyuma imekaa juu sana uzito wote unamwagikia mbele na utalaumu shokapu ya mbele bure.

Na funga kebo tai kwenye bomba la chini lile linalong'aa, ibane kiasi isogee kwa kusukumwa tu. Isukume juu mpaka kwenye sili, kaendeshe, rudi utazame imeachwa wapi. Ikibakiza sentimita moja mpaka mbili juu ya mguu wa shokapu kwenye siku yenye jampu kubwa uko pazuri. Ikiwa imesukumwa mpaka chini kabisa kila mzunguko, springi. Ikiwa imeishia juu sana na mikono inauma, hapo sasa ndo ngumu ya kweli. Kifaa cha shilingi mia kinakupa jibu ambalo mabishano ya vijiweni hayawezi kukupa.

#4 Mdau wa Mbezi Beach

Mleta uzi nakuheshimu ila hapo kwenye upepo umeonea. Mimi nina KTM 250 SX-F, XACT ya upepo. Nepesi kuliko ya springi kwa kilo na zaidi, nikimpa mdogo wangu mwenye kilo 65 napunguza upepo kwa pampu dakika mbili anaendesha, wewe wa springi utafungua shokapu nzima. Halafu mguu mmoja ni upepo mguu mwingine ni oili, fundi anafungua upande mmoja tu kubadili shimu. Na kuhusu joto, mle ndani kuna chumba cha upepo cha chini kinachosukuma kinyume, kinajibalansi chenyewe.

#5 Mleta uzi

Mkuu uzito na urahisi wa kubadili nakubali bila kupinga, ni faida za kweli.

Kwenye joto twende na hesabu kidogo. Umejaza baa 10.5 (baa ni kipimo cha presha) asubuhi chini ya mwembe, nyuzi 24. Saa saba mchana jua la Februari, piki imesimama juani, umepiga mizunguko, bomba la shokapu ukiligusa limepata moto, tuseme ndani ni nyuzi 44. Upepo uliofungiwa ukipata joto presha inapanda kwa uwiano wa joto halisi, yaani kutoka 297 kwenda 317 kwa kipimo cha Kelvin, karibu asilimia 7. Kwenye pampu yako utasoma kama baa 11.2 au 11.3. Sasa wewe mwenyewe ukiseti unabadili kwa hatua ya baa 0.2, hapo jua limekubadilishia hatua tatu mpaka nne bila kukuuliza.

Na kile chumba cha chini nacho kimepata joto hilohilo, kwa hiyo nguvu ya juu na ya chini zote zimepanda kwa asilimia ileile na shokapu yote imekuwa ngumu kwa asilimia 7. Ni sawa na kutoka springi ya 4.7 kwenda 5.0 katikati ya mazoezi. Springi ya chuma kwa joto hilo haibadiliki kitu cha kuhisi. Oili itakuwa nyepesi kidogo kwa wote wawili, hilo tunagawana.

Na ndo maana historia imeenda hivi: Honda waliweka upepo kwenye CRF450R ya 2013, wakarudi springi 2017. Suzuki wakarudisha springi kwenye RM-Z450 ya 2018, Kawasaki kwenye KX450 ya 2019. Yamaha kwenye YZ kubwa hawakuhama kabisa. Familia ya KTM ndo wamebaki, na wao wenyewe shokapu yao ya bei kubwa kabisa ni ya springi.

Lakini huna haja ya kuuza piki. Jaza upepo kivulini shokapu ikiwa baridi na tairi la mbele likiwa hewani, piki juu ya stendi. Pima KILA siku ya kuendesha. Ukipumzika ifunike piki au isogeze kivulini, na kama unaendesha saa za mchana anza asubuhi na baa 0.3 hivi chini ya kawaida yako. Halafu nunua pampu nzuri ya shokapu yenye kipimo cha kuaminika, ile ya baiskeli ya kawaida haifai kwa kazi hii. Ukija kuwa na hela kuna katriji, yaani seti ya ndani ya shokapu, za kubadili mguu wa upepo uwe wa springi, WP wenyewe wanazo na makampuni mengine yanatengeneza, bei yake haifiki hata karibu na seti nzima.

#6 Mdau wa Mbezi Beach

Hiyo ya asilimia 7 nimeenda kuihakiki na pampu yangu leo mchana, kweli presha imepanda. Nitaanza kupima kivulini. Ila siachi upepo wangu 😀

#7 Mdau wa Kigamboni

Sisi wa huku ng'ambo tunaendesha mchanga mtupu, mbele inachimba kila ukifunga gesi, usukani unajikunja wenyewe. Tusaidieni mipango ya mchanga maana ushauri mwingi wa mtandaoni ni wa udongo wa Ulaya.

#8 Mleta uzi

Mchanga unataka mbele ikae juu. Legeza klampu zinazoshika mabomba usogeze mabomba yashuke, kama juu yametokeza milimita 5 yaache yalingane na klampu ya juu, hapo mbele inanyanyuka na piki inatulia kwenye kwenda moja kwa moja. Kaza kompresheni klika mbili, nyuma ongeza sagi mpaka milimita 105 hata 108 ili uzito urudi nyuma. Na uendeshaji wenyewe, usifunge gesi ghafla, kaa nyuma kidogo.

Ribaundi, yaani kasi ya shokapu kurudi juu ikishabonyea, iangalie kwa makini. Kwenye matuta ya mfululizo ikiwa inarudi polepole mno, shokapu haijamaliza kurudi tuta la pili limefika, la tatu imezidi kuzama, mwishowe unaendesha kwenye sentimita tano za mwisho. Dalili yake ni kwamba tuta la kwanza na la pili piki iko safi, la tano inaanza kukupiga. Hapo fungua ribaundi klika moja moja.

Kuhesabu klika: kaza kulia taratibu mpaka ikome, USILAZIMISHE maana ile sindano ya ndani inaharibika, halafu rudisha nyuma ukihesabu. Andika kwenye simu. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, klika mbili, kaendeshe sehemu ileile. Kwenye KYB na Showa hizi za springi kompresheni iko juu kwenye kifuniko, ribaundi chini karibu na ekseli, na miguu yote miwili iwe sawa.

Ukienda upande wa Pugu na Kisarawe kwenye ule udongo mwekundu ambao mvua ilichimba makorongo halafu jua likayakausha yakawa kama saruji, rudisha mabomba juu, legeza kompresheni klika mbili tatu. Mpango wa Kigamboni ukienda nao Kisarawe utachukia pikipiki.

#9 Mdau wa Goba

Samahani naingilia, mimi ni mama, mwanangu ana miaka 11 anaendesha KTM 85 SX, anakua haraka sana. Springi nitabadili mara ngapi jamani?

#10 Mleta uzi

Karibu sana dada, na hongera kwa kumpa mtoto nafasi. Kwako habari ni nzuri, 85 SX ina shokapu ya WP ya upepo, kwa hiyo mbele huna springi ya kununua, akiongezeka kilo unaongeza upepo kidogo kufuata jedwali la kitabu cha piki. Hapa upepo unashinda wazi kabisa. Utakachobadili ni springi ya nyuma akizidi uzito, mbele na nyuma viende pamoja. Mwambie fundi alegeze ribaundi na kompresheni kuliko za kitabu kidogo, vitabu vinamlenga mtoto anayekwenda kasi tayari, mikono ya mtoto anayejifunza inachoka mapema.

#11 Mdau wa Kariakoo

Mimi nina Mchina wa cc 250, shokapu za kichwa chini, zinaonekana kama za motocross kabisa. Nikifunga za Öhlins nitakuwa sawa na hao wa Yamaha?

#12 Mleta uzi

Ndugu yangu usifanye hivyo, shokapu itazidi bei ya piki na chasisi haitaifaidi. Fungua hizo ulizonazo, mwaga oili, osha ndani. Mara nyingi utakuta oili haitoshi na miguu miwili haina kiasi sawa. Weka oili mpya nyepesi kwa kipimo sawa pande zote, sili mpya, tayari ni piki nyingine.

Ukitaka kwenda mbele tafuta mbele nzima ya YZ iliyotumika, SSS ya 2006 kuja juu. Nunua ikiwa kamili, mabomba, klampu zote mbili, ekseli, rimu na breki, maana ukinunua mabomba peke yake utazunguka Gerezani mwezi mzima unachongesha vitu. Kinachobaki ni beringi za shingo, hizo zinapimwa na kutafutwa saizi. Wengi duniani wanafanya hivyo, na vipuri vya hiyo shokapu havipotei.

#13 Fundi wa Ilala

Mimi ni fundi, naomba niongezee kwenye oili maana hapa ndo tunaharibiwa kazi. Piki inakuja imewekwa oili ya injini namba 40 kama ya boda, mteja anasema shokapu imekufa. Hizi katriji zilizofungwa zinataka oili nyepesi sana, ya daraja la 5W. Na hiyo 5W msiiamini kwa jina, ya kampuni hii na ya kampuni ile hazilingani, angalieni mnato, yaani uzito wa oili, kwa kipimo cha cSt kwenye nyuzi 40, nyingi za KYB na Showa zinataka kama 15 hivi.

Ukifungua ukaona oili imetoka ya kijivu inang'aang'aa ukiimwaga juani, ule ni unga wa aluminiamu, bushi zimeisha na zinakwangua bomba kwa ndani, hapo usibadili oili tu, badili bushi pia. Masaa 30 mpaka 40 ya kuendesha usipitishe bila oili mpya, na kwa mchanga wa chumvi wa pwani punguza.

Sili ikianza kuvuja usikimbilie kununua, shusha kile kifuniko cha vumbi, pitisha kipande cha plastiki laini chembamba kuzunguka mdomo wa sili, mara nyingi ni punje ya mchanga tu imekaa pale. Na ukiosha usiielekeze mashine ya presha kwenye sili.

#14 Mleta uzi

Asante sana fundi, madini matupu. Naongezea mawili ambayo hayana gharama. Toa hewa kabla ya kuendesha, tairi la mbele likiwa juu, fungua vile viskrubu vidogo kwenye vifuniko, utasikia pssss, funga. Kwenye za upepo za WP viskrubu hivyo vipo pia, ila msivichanganye na vali ya presha, hiyo msiiguse.

La pili, ukirudisha tairi usikaze ekseli na bolti zote mara moja. Kaza ekseli, kaza bolti za upande mmoja, shusha piki chini, shika breki ya mbele ubonyeze shokapu mara kadhaa ili mguu wa pili ujipange wenyewe, ndipo ukaze upande wa pili. Mabomba yakifungwa yamepinda hata kwa kiasi kidogo yanasuguana, na utatafuta dawa kwenye klika ambayo haipo huko. Bolti za klampu ya chini nazo tumieni spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kitabu kimeandika kipimo, ukizidisha unalibana bomba pale ndani linapopita.

#15 Mdau wa Tabata

Mkuu nimeagiza springi za 5.2 zinakuja na ndege. Fundi wa Ilala nikuletee ukifunga nione? Na klika nianzie wapi?

#16 Fundi wa Ilala

Lete kaka, njoo na kitabu cha piki kama unacho, na njoo na vifaa vyako vyote vya kuvaa tupime na sagi hapohapo.

#17 Mleta uzi

Anzia klika za kitabu, pande zote sawa. Kwa springi mpya ribaundi itabidi ukaze moja au mbili maana springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, kompresheni usiiguse siku ya kwanza. Funga kebo tai, ukitoka kuendesha weka hapa picha ilipoishia tuendelee kutoka hapo.